Kushoto kwa Nani

Baba yangu, Nekemia Wandera,
hakuwahi kuingia sinema kwa tiketi.
Aliingilia mlango wa nyuma na ndoo ya gundi:
unga wa muhogo, maji ya moto, mrututu kidogo
ili mende wasile uso wa nyota kabla ya Jumamosi.

Ukuta ulikuwa wa Sinema Nuru, Jinja.
Jipya lilibandikwa juu ya la zamani,
filamu ya Kihindi juu ya mchezo wa ukumbi wa mji,
masumbwi juu ya harusi,
hata ukuta ukanenepa
kama daftari lililolowa mvua.

Maneno aliyaandika kwa Kiswahili cha Walukuba,
maana Mwacholi wa kiwandani, Mjaluo wa reli
na Msoga wa sokoni walikutana humo tu:
LEO LEO! MAPENZI NA MAPANGA! MACHOZI HAKUNA BEI!
Bwana Vithaldas alinung'unikia sarufi.
Baba akasema, sarufi hainunui tiketi.

Kisha ukaja mwaka wa kuelekea kushoto.
Ofisa wa habari, kijana, viatu vikimlilia,
alifika na waraka.
"Serikali imechukua asilimia sitini ya makampuni," akasema,
"na mabango nayo yajue."

Baba hakucheka. Alitwaa rula.
Sitini ya karatasi akampa mfanyakazi:
jembe, shati, mkono wenye mishipa.
Arobaini akamwachia binti wa Bombay,
aliyebakiwa na jicho moja na nusu ya wimbo.
Nyekundu ilikuwa haba, makopo yote
yamekwenda kwenye vitambaa vya maandamano,
basi midomo yake ikapakwa kahawia ya milango.
Watu wakauliza kama anaumwa.

"Na nyuso zielekee kushoto."

Baba akaweka brashi chini.
"Kushoto kwa nani, bwana?
Kwake yeye aliyechorwa,
au kwetu tunaomtazama?"

Ofisa akanyanyua mkono, huu;
hapana, huu.
Akasimama mgongo ukutani, akiwa picha,
akageuka tena, akiwa mtu.
Akasema ataandika Kampala kuuliza.

Jibu halikuja.
Januari moja redio ilipiga gwaride asubuhi nzima.
Kijana yule sikumwona tena;
viatu vyake ningevitambua hata leo, gizani.

Mwaka uliofuata Bwana Vithaldas alifunga masufuria yake,
akamwachia Baba ufunguo wa kibanda cha tiketi
na bango lililotangulia filamu yake:
INAKUJA WIKI IJAYO.

Tulilipita tukienda shule. Wiki ijayo.
Tulilipita na makopo matupu, foleni ya sukari. Wiki ijayo.
Mvua ilikula farasi, ikaacha mpanda farasi
ameketi juu ya hewa, upanga mkononi.
Nilimwuliza Baba hiyo filamu ni ya nini.
Akanisimulia yote jioni ile,
harusi, mafuriko, kaka aliyepotea
akatambulikana kwa kovu la kisigino.
Hakuwa ameiona.

Juzi wameubomoa ukuta, pawe benki.
Fundi amenipa kipande, unene wa mkate;
ubavuni mistari, manjano, buluu, manjano tena,
na nywele ya brashi iliyonasa, yake.
Bibi mmoja wa makumbusho anasema ipo dawa ya kubandua,
ila ukitaka la chini, la juu halitapona.
Nimemwambia aache kwanza.

Kipo juu ya kabati. Joto la bati
limeinua kona moja bila kuombwa:
ncha ya pua, shavu, mdomo wa kahawia.
Mjukuu wangu kauliza huyu anatazama wapi.
Nimenyanyua mkono, huu;
hapana, huu.